Magari ya NASCAR si ya dukani
Wapo wanaoamini hadi leo kwamba magari ya mbio za NASCAR nchini Marekani ni yaleyale yauzwayo madukani, yaliyoongezwa nguvu tu. Ilikuwa karibu hivyo mwaka 1949, pale Glenn Dunaway, aliyemaliza wa kwanza mjini Charlotte, aliponyang'anywa ushindi kwa kuwa springi za nyuma za Ford yake zilikuwa zimerekebishwa. Kwa miongo mingi sasa gari hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na taa zake za mbele ni stika. Badiliko zito zaidi kwa timu, kwa maoni yangu, ni la 2022 katika daraja la juu la mbio hizo: chasisi, yaani fremu hiyo, ambayo timu kubwa zilizoea kujitengenezea karakanani, sasa hununuliwa kwa mtengenezaji mmoja, na gurudumu lililokuwa likifungwa kwa nati tano sasa hufungwa kwa moja.