Kwa nini mlevi wa miaka mingi haambiwi "acha leo"?

Je, wajua kwamba aliyekunywa pombe kupindukia kila siku kwa miaka anaweza kufa kwa kuiacha ghafla?

Mimi niliamini kuacha hakudhuru mtu, kunataka nia tu. Kazini kwetu dereva mmoja alisainishwa barua Jumatatu asubuhi: pombe au kazi. Niliona ni haki. Jumanne alifika mapema, hanuki kitu, lakini kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na chai ikamwagikia sahanini. Tukanong'onezana kwamba amezimua. Saa nne akaanguka kifafa. Kumbe hakuwa amezimua. Alikuwa ametii barua.

Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA, na ya kuamsha, glutamati. Pombe hujiunga na upande wa kutuliza. Ubongo ukiona unazidiwa kila siku, unaongeza wavutaji upande wa kuamsha, mwaka hadi mwaka, mpaka kamba inasimama katikati. Ndiyo maana mlevi mzoefu hunywa nyingi na bado anatembea wima. Sasa pombe iachie kamba ghafla: wavutaji wote wale wa ziada bado wanavuta, na upande wa pili hakuna wa kuwazuia. Mikono huanza kutetemeka baada ya saa 6 hadi 12, kifafa huja mara nyingi ndani ya saa 48, na wachache, kati ya siku ya 2 na ya 4, huweweseka, moyo ukienda mbio. Hatua hii ndiyo huua.

Daktari humpa dawa kama diazepam, inayoshika kamba mahali pa pombe na kuilegeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1.

Si kila mnywaji yumo hatarini. Wa bia mbili za Jumamosi hahusiki. Na arosto ya heroini hutesa vibaya, ila mara chache huua yenyewe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kumfukuza papo hapo anayelewa kazini hadi kushindwa kazi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1996 unahimiza ulevi ushughulikiwe kama maradhi mengine: matibabu, siri, ruhusa ya ugonjwa. Dereva wetu angeondolewa kwenye usukani, sawa kabisa, lakini barua yake ingetaja siku ya kumwona daktari kabla ya siku ya kuacha.