"Gesi imeisha": tunayoambiwa gereji AC ya gari inapopuliza joto

Desemba hadi Machi, jua la Dar es Salaam likipamba moto, mafundi wa AC hawapati hata nafasi ya kunywa chai. Gari linaingia, dereva analalamika halipoozi, na kabla boneti haijafunguliwa jibu limeshatoka.

"Gesi imeisha, ndiyo kawaida yake kila mwaka"

Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, kisha inapenya kwenye tundu jembamba la vali na kuingia evaporeta, nyuma ya dashibodi. Huko inageuka mvuke na kufyonza joto la hewa inayopulizwa ndani, halafu inarudi kwenye kompresa. Gesi ni ileile.

Ni kweli kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na sili kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo gari la zamani ambalo AC yake haijawahi kuguswa linaweza kupungukiwa bila kuwa na ubovu mkubwa. Lakini ikijazwa Desemba na kupuliza joto Februari, hiyo inavuja, na kujaza tena bila kutafuta tundu ni kuchangia tu biashara ya gesi.

Kutafuta kwenyewe si uchawi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo panapovuja mara nyingi huachwa doa la mafuta lililoshika vumbi. Anza na kondensa, ambayo hupigwa na kokoto za barabarani, kisha maungio yenye oringi (vipete vya mpira vinavyoziba), kisha sehemu ya mbele ya kompresa. Povu la sabuni huonyesha mvujo mkubwa. Mdogo unahitaji rangi maalumu inayong'aa kwa tochi ya mionzi ya UV. Ikivuja evaporeta, jiandae kisaikolojia, maana kwenye magari mengi dashibodi yote itashuka.

"Geji inaonyesha gesi imejaa"

Hapa hata mafundi wazuri huteleza. Injini ikiwa imezimwa, geji hupima presha tu, haipimi wingi wa gesi. Kwenye joto la nyuzi 30, mfumo wenye R134a, moja ya aina za gesi ya AC, husoma takriban psi 97, iwe imebaki robo au imejaa sawasawa, mradi ndani kuna kimiminika japo kidogo. Kipimo cha haki ni mizani: gesi huwekwa kwa gramu, na idadi yake imeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Magari mengi madogo hubeba karibu nusu kilo tu.

Na anayeomba "niongezee kidogo ipooze zaidi" anajiharibia. Ikizidi, presha inapanda, kimiminika kinajaa kwenye kondensa na kuibania nafasi ya kupoza, na AC inapuliza vuguvugu huku kompresa ikiumia.

"Inapooza barabarani, kwenye foleni inaleta joto, basi gesi ni ndogo"

Mara nyingi hilo ni feni. Gari likikimbia, upepo unapoza kondensa bure. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Washa AC, fungua boneti, tazama kama inazunguka na kwa nguvu. Angalia pia kama kondensa imezibwa na tope na wadudu. Ioshe kwa maji ya kawaida, si yale ya presha ya kuoshea magari, yanayolaza mapezi yake, yaani vibati vyembamba vya kupozea.

"Kompresa haishiki, imekufa"

Labda. Ila gesi ikipungua sana, swichi ya presha huizuia kompresa kwa makusudi isijisage. Fyuzi na rilei nazo huungua, na klachi ya kompresa, inayoiunganisha na beliti ya injini kwa sumaku, ikilika nafasi yake hupanuka hadi sumaku inashindwa kuivuta. Muulize fundi swali moja: umeme unafika kwenye klachi au haufiki? Asiyeweza kujibu hilo asikutume kununua kompresa.

Ikiwa kweli imekufa kwa kusagika, kufunga nyingine ya mtumba na kujaza gesi hakutoshi. Vyuma vilivyosagika vimeshatawanyika kwenye mabomba na vitaiua hiyo mpya. Mfumo usafishwe, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, na mara nyingi kondensa pia, kwa kuwa njia zake ni nyembamba mno kusafishika. Kisha mfumo uvutwe vakyumu, yaani unyonywe kwa pampu, nusu saa au zaidi, kutoa hewa na unyevu.

"Gesi ni gesi"

Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mengi yalitumia R12, yaliyofuata R134a, na mapya ya Ulaya tangu 2017 hayaruhusiwi tena kuwekwa hiyo. Mengi hutumia R1234yf. Hazichanganywi. Fundi akipendekeza ya kupikia, sikatai kwamba itapooza. Itapooza vizuri tu, mpaka siku evaporeta ivuje na gesi inayowaka ijae ndani mlimokaa na watoto. Mitungi ya bei ya kutupa nayo ni ya kuogopwa: mwaka 2011 makontena ya baridi ya kusafirishia mizigo yalilipuka Vietnam na Brazil, watu wakafa, kwa sababu gesi bandia iliyokuwa ndani ilichanganywa na kemikali inayoshambulia alumini.

"AC ya haibridi ni kama nyingine"

Kompresa ya haibridi, gari la injini na mota ya umeme kama Toyota Prius au Aqua, haizungushwi na beliti. Ina mota ya umeme mkubwa ndani yake, na mota hiyo inaogelea kwenye mafuta ya AC. Inataka mafuta ya aina ya POE, yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya PAG, hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mpira wa geji, huharibu kinga hiyo. Gari linaweza kuwasha taa ya hitilafu na hata kugoma kuwaka. Soma lebo ya chupa kabla fundi hajaifungua.