Mteja hajakulipa: kodi yako inahesabiwaje?

Wapiga picha, wabunifu wa michoro, wakalimani na wengine wanaojiajiri hapa Tanzania hutuuliza sana: nimemaliza kazi, mteja kaingia mitini, je, niitoe fedha ile kwenye mapato yangu kama hasara? Kwa wengi wao jibu ni hapana.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamruhusu mtu binafsi mwenye biashara kuhesabu mapato pale fedha inapomfikia, au pale anapostahili kulipwa hata kama hajalipwa. Kampuni haina uchaguzi huo. Ni lazima itumie njia ya pili.

Tuseme mpiga picha amelipwa shilingi milioni 12 kwa mwaka, na bado anadai milioni 2 za harusi moja. Akihesabu fedha iliyomfikia, ritani yake, yaani taarifa ya mapato anayopeleka kwa mamlaka ya kodi, inaonyesha mapato ya milioni 12. Zile 2 hazikuingizwa, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Akizitoa, ataonekana amepata milioni 10 ilhali amepokea 12, na hilo ni kosa. Akihesabu anachostahili, ataonyesha 14, na huyo ndiye mwenye haki ya kufuta zile 2 kama deni lisilolipika. Wote wawili wanaishia kwenye 12, ila wa pili anaweza kulipa kodi mwaka huu kwa fedha asiyoiona, akaja kufuta deni mwaka unaofuata. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, naona njia ya kwanza inamfaa zaidi.

Usiku aliokesha akihariri picha hautolewi popote, maana jasho lako mwenyewe si gharama uliyolipa. Lakini nauli, fedha ya kukodi lenzi, ujira wa msaidizi na vifurushi vya intaneti amevilipia kweli kwa ajili ya biashara. Hizo anazitoa hata kama wenye harusi hawajatoa shilingi.

Kufuta deni nako kuna masharti. Lazima uwe umechukua hatua zote za msingi kulidai, na uwe na sababu ya kuamini kwamba halitalipwa. Kumwonea haya mteja kwa sababu ni shemeji yako si hatua. Tunza mkataba, ankara, ujumbe wa simu alioandika “nitakutumia mwisho wa mwezi”, na barua ya madai yenye tarehe. Kumbukumbu hizo zinatakiwa zikae miaka 5.

Jambo linalowaponza wengi ni kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mteja huikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini. Mteja akikata asilimia 5 kwenye ankara ya milioni 2, utapokea 1,900,000, lakini mapato yako ni milioni 2 kamili. Ile 100,000 si deni wala hasara. Ni kodi iliyokwisha kulipwa kwa niaba yako. Mdai mteja cheti cha kodi hiyo mapema, maana bila cheti utapata shida kuithibitisha. Na mteja akikupa simu badala ya fedha, umelipwa: andika thamani yake ya sokoni.

Kama ulikadiria mapato ya mwaka ukimtegemea mteja aliyetoweka, peleka makadirio mapya kwa mamlaka ya kodi kabla ya awamu inayofuata ya kulipa kodi. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Deni ulilolifuta likija kulipwa baadaye, liingize kwenye mapato ya mwaka uliolipokea.