Je, wajua kwa nini nyumba moja ikikarabatiwa inaweza kuokoa mtaa mzima wa kale?

Waulize watu ni nini kinachookoa mtaa wa kale usibomolewe, wengi watakujibu: sheria. Mtaa ukishaingizwa kwenye orodha ya urithi na kibao kikapigwa ukutani, basi umepona. Imani hii imeenea hata miongoni mwa wakazi wa mitaa yenyewe, na ndiyo inayowatuliza huku paa la jirani likianza kubonyea.

Chukua Marekani, ambako mambo haya yameandikwa kwa uwazi. Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ilitokana na sheria ya mwaka 1966. Jengo likiwa humo, mradi wowote unaotumia fedha au kibali cha serikali kuu lazima kwanza upimwe utaliathiri vipi. Hilo ni jambo la maana, hasa barabara kuu inapotaka kupita katikati ya mtaa. Lakini mwenye nyumba anayetumia pesa zake mwenyewe anaweza kuibomoa nyumba iliyomo kwenye orodha hiyo, na orodha isimzuie. Wala msaada wa fedha haumfikii kila mtu: punguzo la kodi la asilimia 20 ambalo serikali kuu hutoa kwa ukarabati wa majengo ya kihistoria ni la majengo yanayoingiza kipato. Familia inayoishi kwenye nyumba yake yenyewe haimo.

Kinachoweza kuzuia nyundo ni sheria ndogo za mji. Charleston ilitangulia mwaka 1931. New York ilipata yake mwaka 1965, miaka miwili baada ya kituo cha treni cha Pennsylvania kuanza kubomolewa mbele ya macho ya watu waliokuwa wakipinga. Hata sheria hizi zina mwisho wake. Ofisi ya mji inaweza kumnyima mtu kibali cha kubomoa, ila ni kazi nyingine kabisa kumlazimisha azibe paa linalovuja. Akikaa tu bila kufanya lolote, mvua itaimaliza kazi aliyonyimwa kibali. Ipo miji iliyoweka kanuni za matunzo ya lazima, na kanuni hizo zinasaidia, lakini zinahitaji wakaguzi, mahakama na miaka, wakati boriti iliyolowa haisubiri miaka.

Na orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO? Ina heshima kubwa na hufungua milango ya misaada. Hata hivyo, bonde la mto Elbe mjini Dresden liliondolewa humo mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya, na Liverpool ikaondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa eneo la bandari. UNESCO ilionya mara kadhaa, na hatua ya mwisho iliyobaki mikononi mwake ilikuwa kufuta jina. Daraja lilijengwa.

Kwa hiyo swali lenyewe libadilike. Tusiulize tu nani anabomoa. Tuulize kwa nini wenye nyumba ambao hawataki kubomoa, na wengine uwezo wanao, huziacha nyumba zao zioze.

Mwaka 1961 wachumi wawili wa Marekani, Otto Davis na Andrew Whinston, walitoa jibu ambalo mpaka leo linaeleza mengi. Thamani ya nyumba ya mjini haitegemei nyumba yenyewe peke yake, inategemea pia hali ya nyumba za jirani. Tuseme nyumba mbili zimepakana, na kuikarabati kila moja kunagharimu 100. Ukikarabati yako, thamani yake inapanda kwa 70. Jirani akikarabati yake, yako inapanda kwa 50 bila wewe kutoa hata senti. Namba ni za mfano tu, lakini zifuatilie taratibu. Mkikarabati wote wawili, kila mmoja anapata 120 kwa gharama ya 100, faida 20. Ukikarabati peke yako, unapata 70 kwa gharama ya 100, hasara 30. Ukikaa kitako jirani akikarabati, unavuna 50 za bure.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mmoja wao. Jirani akikarabati, kwako ni bora kukaa, kwa maana 50 inazidi 20. Jirani asipokarabati, bado ni bora kukaa, kwa maana sifuri ni afadhali kuliko hasara ya 30. Jirani naye anapiga hesabu hiyo hiyo. Wote wawili wanakaa, na ile faida ambayo kila mmoja angeipata inapotea. Hakuna mzembe hapo wala mjinga. Watu wenye akili timamu, kila mmoja akifanya uamuzi wenye busara kwake, wanaweza kuuangusha mtaa wanaoupenda.

Kwenye nyumba za safu, zile zinazoshikana kuta, hesabu hii inaonekana kwa macho. Nyumba mbili zina ukuta mmoja katikati, na juu yake, mahali paa mbili zinapokutana, mara nyingi pana mfereji mmoja wa maji. Mfereji ukiziba upande mmoja, maji yanapita juu ya ukuta na kushuka pande zote mbili. Plasta ya chumbani kwako inavimba, unaikwangua na kupaka upya, na msimu unaofuata inavimba tena, kwa sababu tatizo liko kwenye paa usiloruhusiwa kulipanda.

Mtego huu unavunjwa kwa njia mbili. Majirani wafungane kwa mkataba wafanye kazi kwa pamoja, au mtu mmoja azishike nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, ili faida inayovuja kwenda kwa jirani ibaki mkononi mwake. Wakazi wa Savannah, katika jimbo la Georgia, walichanganya njia zote mbili, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mbinu nzuri zaidi zilizowahi kubuniwa na raia wa kawaida.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1733 kwa ramani ya viwanja vya wazi vyenye nyumba pande zote. Mwaka 1954 soko lake la kale lilibomolewa kupisha jengo la maegesho ya magari. Mwaka uliofuata, nyumba ya Davenport ya mwaka 1820 nayo ilitakiwa iondolewe kwa ajili ya maegesho. Wanawake saba wakachangisha dola 22,500 wakainunua, na kutokana na juhudi hiyo ikazaliwa jumuiya ya Historic Savannah Foundation.

Kuokoa nyumba moja ni jambo jema, ila kwa kasi ile mji ungekwisha kabla ya wao kumaliza kuchangisha. Matofali yenyewe yalikuwa yakiwindwa. Yale yanayoitwa matofali ya kijivu ya Savannah ni makubwa, yana vitundu vidogo vidogo, na yalitengenezwa kwa mikono ya watu waliofanywa watumwa kwenye shamba la Hermitage kando ya mto. Wajenzi wa nyumba mpya waliyapenda kiasi kwamba nyumba nzima ilinunuliwa ili ivunjwe, matofali yakauzwe. Hilo ndilo lililokaribia kuifika Marshall Row, safu ya nyumba nne za karne ya 19, hadi wanachama wa jumuiya, akiwemo Lee Adler, walipoinunua. Baadaye mshairi Conrad Aiken, mzaliwa wa mji huo, aliishi katika mojawapo ya nyumba hizo, ubavuni mwa ile aliyoishi utotoni.

Kutoka hapo wakatumia mfuko wa mzunguko. Mfuko unanunua nyumba iliyo hatarini, kisha unamuuzia mtu anayekubali masharti: aanze ukarabati ndani ya muda uliowekwa, asibomoe, asibadilishe sura ya nje bila ridhaa. Masharti yanaandikwa kwenye hati ya umiliki, kwa hiyo yanamfunga hata atakayenunua baadaye. Pesa inarudi na kununua nyumba nyingine. Siri kubwa iko kwenye hati: mnunuzi wa nyumba ya tatu anajua kwamba ya kwanza na ya pili zimefungwa kisheria zitengenezwe. Kusubiri hakumlipi tena. Jumuiya hiyo imeokoa zaidi ya majengo 400.

Tahadhari mbili. Mfuko wa namna hii haujiendeshi wenyewe milele. Mara nyingi kununua nyumba na kuzuia isianguke hugharimu zaidi ya bei inayouzwa, na pengo hilo lazima lizibwe kwa michango. Pia si rahisi kuthibitisha kwamba mtaa fulani ulipanda thamani kwa sababu ya uhifadhi, kwani mitaa iliyokwisha kuanza kupanda ndiyo huwa na watu wenye muda na pesa za kuihifadhi.

Lipo na jambo jingine, linalogusa watu zaidi kuliko kuta. Ile 50 ya bure aliyoipata mwenye nyumba, mpangaji anaipata kama kodi mpya ya pango. Savannah haikuepuka hilo: familia maskini, nyingi za Wamarekani weusi, zilihama sehemu zilizokarabatiwa. Adler mwenyewe alilitambua, na mwaka 1974 akaanzisha mradi wa kununua na kukarabati nyumba za mbao za mtaa wa Savannah uitwao Victorian District kwa ruzuku ya serikali, ili wapangaji wa kipato cha chini waendelee kuishi mtaani humo.

Katika mji wa Pittsburgh, huko huko Marekani, walikuwa wakijaribu jambo hilo hilo tangu miaka ya 1960, na leo mitaa mingine hutumia amana ya ardhi: kiwanja kinabaki mali ya jumuiya ya wakazi, familia inamiliki nyumba iliyo juu yake, na siku ya kuuza, bei inapangwa kwa kanuni iliyokubaliwa mapema. Muuzaji anaondoka na sehemu ya ongezeko la thamani, na sehemu iliyobaki inampunguzia bei anayefuata.