Majilio sio Krismasi ya mapema jamani

Kila mwaka mwisho wa Novemba, kaskazi ikishaanza kuvuma hapa Malindi na hoteli zikianza kujaa wageni, kuna mambo tunaambiana kuhusu Majilio, yani kile kipindi cha kanisa cha kujiandaa kabla ya Krismasi, na mengi sio kweli.

Kwanza hili la kusema Krismasi ishaanza. Bado. Majilio inaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, zinakua Jumapili nne, na Krismasi yenyewe inaingia jioni ya tarehe 24 halafu inaenda mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi wa Januari. Sasa sisi tumeanza nyimbo za Krismasi tangu Novemba kule supamaketi, ikifika tarehe 26 tushachoka, na kanisani ndio kwanza sherehe imeanza!

Wengine wanaiita Kwaresma ndogo, kama ile mfungo ya kabla ya Pasaka. Zambarau ipo kweli, na ule wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi Jumapili, lakini Aleluya tunaimba, na Wakatoliki hatuna sheria ya kufunga wakati huu, anaefunga ni hiari yake. Jumapili ya tatu padre anaweza hata kuvaa rangi ya waridi kwa ajili ya furaha.

Eti pia ni kumkumbuka mtoto Yesu tu. Sikiliza injili ya Jumapili ya kwanza, hakuna hori hakuna wachungaji, ni kesheni, manake inahusu Bwana kurudi. Kuanzia tarehe 17 Desemba ndio masomo yanageukia Bethlehemu. Na lile shada la mishumaa ya Majilio halimo kwenye Biblia, mchungaji wa Kilutheri Johann Wichern ndie aliweka la kwanza Hamburg 1839, kwa hivo ukikosa usijione umepungukiwa.

Sasa inayoniuma ni hii, kwamba kujiandaa kiroho ni kuzidisha sala na kuungama, basi umemaliza. Hebu fungueni Luka 3. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji tufanye nini, na majibu yake yote pale ni ya nguo, chakula na pesa: mwenye kanzu mbili ampe asie nayo, watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, askari wasidhulumu mtu na mshahara wao uwatoshe. Ilete hiyo hapa kwetu Desemba, mwezi ambao nauli ya bodaboda inaruka usiku wa mkesha kwa sababu tu watu hawana njia nyingine ya kurudi nyumbani, na dada wa kazi anaambiwa ngoja Januari manake hela imeishia kwa nguo za watoto wetu, na yeye ana watoto wake wanamngoja kule kijijini Ganze. Na mama karanga je, yule anaetukaangia samaki? Lile daftari lake la madeni la kona zilizokunjika, limelowa mafuta ya samaki, jina lako liko ukurasa wa Septemba na halijapigwa mstari, na Jumapili mnapeana amani benchi moja. Hiyo ndio njia ya Bwana Yohane anayosema uinyoshe, mlipe kabla hujanunua taa za mti.

Kitubio, huko kuungama, nacho ni muhimu sana, sisemi tuache, ila usingoje foleni ya tarehe 24 padre amechoka na wewe una haraka ya kupika. Muulize katekista wako mapema ni siku gani wanaungamisha, uende na hilo deni ushalilipa.