Dawa za nano na saratani: maswali ninayoulizwa Ngamiani

Mimi ni mfamasia hapa Tanga. Tangu video ya "dawa ya nano inayoitafuta saratani yenyewe" ianze kuzunguka kwenye simu, sipiti Ngamiani bila kusimamishwa. Wengi wanaouliza wana mgonjwa nyumbani, kwa hiyo nawajibu kwa uzito wake.

Nano ndiyo nini?

Ni udogo tu. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni moja ya mita. Chembe zinazobeba dawa huwa na upana wa nanomita 100 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama 80,000. Dawa iliyomo ndani mara nyingi ni ile ile ya zamani, ila imevikwa ganda. Ganda linalojulikana zaidi ni liposomu, kiputo chenye ukuta wa mafuta na maji ndani yake.

Kwani ikidungwa tupu kuna shida gani?

Husambaa mwili mzima. Doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa wanaijua kwa rangi yake, ikilimbikizana hudhuru moyo. Doxil, yaani dawa hiyo ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, nayo haiumizi moyo kama ile inayodungwa tupu.

Je, ni kweli inakwenda kwenye uvimbe peke yake?

Hapo video imetia chumvi. Mishipa ya damu ya uvimbe huota haraka na ovyo, ikabaki na nyufa, na chembe hupenya humo. Wajapani Matsumura na Maeda walilieleza jambo hili mwaka 1986. Lakini mwaka 2016 watafiti walipokusanya majaribio ya wanyama ya miaka 10, kiasi cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa.

Dawa mbili kwenye chembe moja zina faida gani?

Swali hili aliniuliza mama mmoja muuza samaki, nikamjibu kwa wali wa nazi. Mchele ukija asubuhi na nazi ikaja jioni, vyote umepata, lakini wali wa nazi hukupika. Na hata vikija pamoja, kipimo kikipotea chakula kimeharibika.

Dawa za saratani huchanganywa kwa sababu kila moja hushambulia kwa njia yake. Taabu ni kwamba zikidungwa kila moja peke yake, mwili huziondoa kwa kasi tofauti, na kile kipimo alichokusudia daktari hakifiki kwenye seli. Vyxeos, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina kali ya saratani ya damu, imefunga sitarabini na daunorubisini ndani ya liposomu moja: molekuli 5 za sitarabini kwa 1 ya daunorubisini. Dawa zote mbili ni za zamani. Katika jaribio la wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 60 hadi 75, nusu ya waliopewa Vyxeos waliishi zaidi ya miezi 9 na nusu; kwa waliopewa dawa hizo hizo kwa njia ya kawaida ilikuwa takriban miezi 6. Miezi hiyo si michache kwa anayemuuguza mzazi wake.

Haina madhara?

Inayo. Doxil huweza kufanya viganja na nyayo viwe vyekundu, viume na kumenyuka. Dripu ikianza kuingia mgonjwa akahisi kifua kinabana au mgongo unauma ghafla, amwambie muuguzi hapo hapo, asione haya.

Na vidonge vya "nano" vinavyouzwa mitaani?

Msinunue. Dawa nilizozitaja hapa huingia kwa mshipa, hospitalini.

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, amepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Tusubiri dawa hizi?

Hapana, mwanangu. Saratani hiyo ikiwahiwa hufanyiwa upasuaji. Ikiwa imesogea, hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya sisplatini, na wapo wanaopona. Hayo nayo ni matibabu mchanganyiko, wala hayahitaji nano. Chukueni barua ya rufaa na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, mpande basi la Dar es Salaam wiki hii.