Welewa wa afya mtandaoni ni nini?

Saa saba usiku, hosteli moja mtaani Ngara, Nairobi. Niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja mwaka wa pili alikuwa amelala chali, mwangaza wa simu umemjaa usoni. Kifua kilikuwa kinamchoma. Ukurasa wa kwanza alioufungua ulitaja mshtuko wa moyo, wa pili pia. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na mbio zile akazihesabu kuwa dalili nyingine ya ugonjwa aliotoka kuusoma. Hatukulala hadi adhana ya alfajiri.

Taarifa alikuwa nazo tele. Alichokosa ndicho kinachoitwa welewa wa afya mtandaoni. Dhana hii ilifafanuliwa mwaka 2006 na Cameron Norman na Harvey Skinner, watafiti wa Kanada: ni uwezo wa kutafuta, kupata, kuelewa na kupima taarifa za afya zilizo kwenye vyombo vya kielektroniki, kisha kuzitumia kutatua shida ya afya. Vitenzi vitano. Mwanachuo wa Nairobi ni hodari wa kutafuta na kupata. Bando likiwepo, hakimshindi kitu. Anakwamia kwenye kupima na kutumia.

Watafiti hao pia walitunga kipimo cha maswali 8, ambacho mtu anajijibu mwenyewe. Hapo pana la kuangalia. Anayejijibu anaeleza jinsi anavyojiamini, na mtu anaweza kujiamini sana huku amekosea. Rafiki yangu usiku ule angejipa alama za juu.

Kupima kunaanza na maswali mepesi: nani anasema haya, aliyaandika lini, na anauza nini? Video ya dawa ya "kusafisha tumbo" yenye nambari ya kuagizia chini yake imeshajibu swali la mwisho. Mtu akijiita daktari, sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno ipo mtandaoni. Jina lake unaweza kulitafuta humo. Jambo jingine ambalo wengi hatufundishwi ni kwamba jibu linalotokea juu si lazima liwe ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kwako. Mtambo wa kutafuta unafuata maneno uliyoyaandika. Haujui umri wako wala ulichokula.

Kutumia ndiko kugumu zaidi. Chukua P2, tembe ya dharura ya kuzuia mimba inayouzwa kwenye kemisti. Karibu kila mwanafunzi anajua ni ya ndani ya saa 72, na kwamba kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Lakini P2 haizuii virusi vya Ukimwi. Kwa hilo kuna PEP, dawa inayoanzwa ndani ya saa 72 zilezile na kunywewa siku 28. Aliyesoma habari za mimba peke yake amepata nusu ya jibu, na saa zake zinakwisha akiwa bado anasoma. Kwa hiyo welewa huu unajumuisha pia kujua wakati wa kuweka simu chini na kwenda kituo cha afya. Hata maumivu ya kifua: yakiwa ya kubana, yakisambaa hadi mkononi au taya, pamoja na jasho na pumzi kukatika, usitafute chochote, kimbia hospitali.

Na ustawi unaingiaje hapa? Tangu 1948 Shirika la Afya Duniani limeeleza afya kuwa ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Waswahili tunaposalimiana tunaulizana hali, na hali ni hayo yote kwa pamoja: usingizi, wasiwasi, karo, watu wa kukaa nao. Kusoma vibaya mtandaoni kunaila hali hiyo hata pale ambapo mwili hauna kitu. Mwenzangu aliingia kwenye mtihani wa saa mbili asubuhi macho mekundu.

Baada ya mtihani nilimpeleka zahanati ya chuo. Muuguzi alimkalisha, akamshika mkono.

"Ulikula nini jana, mwanangu?"

"Chipsi na pilipili, sista."

"Saa ngapi?"

"Saa tano usiku."

"Na ukalala saa ngapi?"

"Papo hapo."


Akampa dawa ya kiungulia.